Msimu Vinu Vilipokaa Nje

Lweba, 4 Oktoba 2003

Jana mvua ya kwanza ilinyesha, ile ya kweli, si ya kututania. Kaye hii, daftari la shule, ilikuwa ya kuandikia mahudhurio ya darasa la tatu, lakini mwaka huu nina wanafunzi kumi na tisa tu, na majina yao yameenea kwenye ukurasa mmoja. Kurasa nyingine ni zangu. Karatasi tupu zinaniwasha mikono.

Kwa atakayeiokota: mimi ni Florentine, mwalimu na mjane wa mwalimu. Tulirudi kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa mwezi wa sita, baada ya miaka mitano. Wakubwa wamekwisha kutia sahihi amani huko mbali, ila kwenye vilima vyetu karatasi hiyo bado haijafika, na wenye bunduki wanazunguka kama zamani. Ndani ya ua wangu wa matete mna nyumba mbili. Moja ni yangu. Nyingine ni ya Eugène, mwanangu wa pekee, mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, na mke wake Faida, na mtoto wao Nadège wa miaka miwili.

Faida ni binti wa rasi ya Ubwari, wa familia ya Waislamu wa pwani. Sikumchagua mimi. Anacheka kwa sauti ya kuita mtumbwi, na anatwanga vibaya. Wanawake wote duniani wanatwanga tu, tu, tu. Yeye anatwanga tu-tu, halafu anafikiri kidogo, halafu tu. Kila asubuhi nalala macho nikingoja ile ya tatu, na yenyewe haina haraka.

9 Oktoba

Mvua. Paa la shule linavuja juu ya meza yangu tu. Watoto wamefurahi mno.

12 Oktoba

Leo kumekuwa na mkutano wa likilimba nyuma ya soko la samaki. Aliyeuitisha ni Zubeda, muuza ndagala, mke wa Uledi. Anataka wanawake wote tulime pamoja: leo shamba la huyu, kesho la yule, mpaka liishe duru. Anasema mwanamke asipande tena kilimani peke yake. Ana megafoni aliyoazimwa na watu wa mji wa Baraka wanaofundisha haki za wanawake. Tulikuwa kumi na saba, tumekaa karibu kama mahindi kwenye gunzi, naye akatupigia kelele kwa megafoni.

Zamu ilipangwa kwa vijiti. Kifupi kinaanza, kirefu kinamaliza. Nikavuta kirefu kuliko vyote. Karanga zangu zipaliliwe siku ya kumi na saba, wakati magugu yamekwisha kunifikia kiunoni!

Nikasema mwalimu anafundisha watoto wao wote, angalau angepewa nafasi ya tano. Zubeda akachukua megafoni, nami nikiwa hatua mbili kutoka kwake.

"Mwalimu, huku haiko darasa! Huku tunavuta kijiti kama bantu bote!"

Walicheka hadi kuku wakakimbia. Nikarudisha kijiti nikaondoka zangu. Sisi tutalima wenyewe.

13 Oktoba

Faida ameniuliza, akiwa amepiga magoti kama mkwe mwenye adabu: "Mama, mi naweza kuenda nabo? Bamama biko bengi, njia inakuwa muzuri."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia jembe letu halina haja ya megafoni. Akasema ndiyo, Mama. Kisha nikamsikia nyuma ya nyumba akimwigiza Zubeda mbele ya Nadège, mdomo kwenye sufuria: "Huku haiko darasa!" Nilicheka, lakini nilicheka ndani ya kitenge, asinisikie.

26 Oktoba

Karanga zimeota zote. Faida amesimama katikati ya shamba akazipigia makofi. Mtu mzima.

14 Novemba

Mwezi umepungua, giza limerudi, na wavuvi wa taa wameondoka. Eugène ameenda Ubwari na Roger, mwenzake wa mtumbwi. Watarudi mwezi ukijaa, maana mbele ya mbalamwezi ndagala hawaifuati taa.

20 Novemba

Naandika polepole ili nisiruke neno.

Asubuhi nilimwambia Faida awahi kupalilia, magugu hayamngoji mtu. Akamwacha Nadège kwa jirani, akachukua jembe, akaenda peke yake. Mimi nikaenda shuleni. Likilimba ilikuwa upande wa pili wa mto siku hiyo.

Kabla ya saa sita nikawasikia wanawake wakishuka kilimani na kuimba kwa nguvu ule wimbo wao wa kupalilia. Nilikuwa nimeandika kuzidisha kwa saba ubaoni. Nikatoka mlangoni nikawafokea kwamba hapa ni shule, si soko. Walipita wamebanana, wameshikana mabega, vitenge vyao vimefunguliwa na kutandazwa kama ukuta. Waliendelea kuimba.

Faida alikuwa katikati ya ukuta ule.

Walikuwa wawili, wenye bunduki, pale njia ya shamba inapovuka kijito. Waliyomtendea ni yale ambayo kila mwanamke wa huku kwetu Fizi anayajua bila kuambiwa, na sitayaandika, kwa sababu ni yake kuyasema au kuyanyamazia. Wanawake wa likilimba walimkuta njiani. Wakamzunguka, wakaimba kama siku zote, ili kijiji kione wanawake wanaotoka shambani basi, asipatikane mtu wa kumnyooshea kidole. Nami nikawafokea.

Zubeda alirudi shuleni peke yake. Safari hii hakuwa na megafoni.

"Mwalimu, toka kidogo. Iko neno."

Akaniambia. Niliketi chini kwenye matope, mbele ya wanafunzi wangu kumi na tisa. Nikamwambia, mimi ndiye niliyemtuma. Mimi ndiye niliyemkataza kwenda nanyi, kwa sababu ya kijiti.

Nilidhani atasema ndiyo, nami nilitaka aseme. Akaniinua kwa kwapa.

"Kosa iko ya benye balifanya. Utalia kesho. Sasa tafuta kitenge safi na maji, tunaenda Baraka. Dawa iko, lakini inataka mutu afike mbele ya siku tatu kuisha."

21 Novemba

Uledi, mume wa Zubeda, ndiye aliyetuvusha kwa mtumbwi wake hadi Baraka. Alituonyesha mgongo wake safari nzima, akatazama maji tu, na kwa hilo nitamshukuru siku zote.

Kwenye kituo cha afya kuna muuguzi anayeitwa Georgette, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakuzungumza nami. Alizungumza na Faida mwenyewe, akimwangalia usoni, akiomba ruhusa kabla ya kila kitu. Alimpa dawa za siku ishirini na nane za kuzuia virusi vya UKIMWI, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu apimwe damu. Kisha akamuuliza: "Dada, unataka nani ajue?"

Faida akafikiri, kama anavyofikiri akitwanga.

"Bwana yangu. Nitamwambia mi mwenyewe, juu sikuiba kitu ya mutu."

30 Novemba

Dawa zinamtia kichefuchefu. Mimi nampikia uji, Zubeda analeta limau. Tunapishana mlangoni, mimi na muuza ndagala, kama manesi wa zamu. Leo Faida amecheka mara moja, Nadège alipompaka kuku majivu. Sauti ile ile ya kuita mtumbwi. Nilimshukuru Mungu kwa kelele hiyo, mimi niliyekuwa nikiziba masikio.

3 Desemba

Mwezi unajaa. Wavuvi wamerudi. Faida amemwambia mume wake, wawili tu, mlango wazi. Eugène ametoka akakaa ufukweni mpaka jua likazama. Roger akamfuata, na Roger anapoongea, kijiji chote kinafaidi.

"Ndugu yangu, miye ningekuwa weye, bantu bangeniangalia namna gani?"

4 Desemba

Eugène ametoa kinu nje.

Kwetu bibi harusi huja na kinu chake. Bwana harusi hukipokea, akakibeba mwenyewe mpaka ndani ya ua, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo mwanaume hugusa kinu. Akimfukuza mke, hukitoa nje ya matete akakigeuza mdomo chini. Hahitaji kusema neno. Mpita njia anaona na kuelewa, na mwanamke hapiki tena nyumba ile.

Nilitoka shuleni nikakiona, kinu cha mti mwekundu, makalio juu, pembeni ya barabara. Faida alikuwa amekwenda kwa Zubeda na mtoto mgongoni. Eugène alikuwa ndani. Nilimwita, akafunga mlango. Mwanangu, niliyemfundisha kusoma kwa mikono yangu, si mtu mkali. Hajawahi kumpiga mtu hata kofi. Nilisimama pale nikaona kwamba mpole pia anaweza kufanya ubaya, akaufanya kimyakimya na mlango umefungwa.

5 Desemba

Sikulala. Alfajiri nimeingia jikoni kwangu, nimekumbatia kinu changu, kile ambacho marehemu mume wangu alikibeba mwenyewe miaka thelathini na minne iliyopita, akajikwaa nacho mbele ya wajomba zangu. Nikakiviringisha hadi nje. Nikakiweka kando ya kile cha Faida. Nikakigeuza mdomo chini.

Eugène akatoka na mswaki mdomoni.

"Mama! Nani anakufukuza? Nyumba ni ya yako!"

"Hakuna," nikamwambia. "Lakini kama shamba inafukuza bibi, mi njo nilimutuma ku shamba. Sasa tuko babili inje."

Nikachukua kitenge changu na kaye hii nikaenda kwa Zubeda. Eugène nimemwachia kuku mmoja na funguo.

6 Desemba

Vinu vitano. Cha tatu kilikuwa cha Zubeda, ingawa Uledi hajamkosea kitu. Cha nne ni cha Chérie, mke wa Roger! Amekitoa mume wake akiwa bado amelala, na alipoamka akaomba bugali, akamwambia: "Uliza bale bantu benye watakuangalia."

Tunatwangia pale pale barabarani, kila mmoja anageuza kinu chake, anatwanga muhogo wake, anapikia watoto, kisha anakirudisha mdomo chini. Mpita njia hawezi kujua tena ni kinu gani kilichofukuzwa. Zubeda ndiye aliyelisema hilo, akiwa na unga puani. Mwezi mzima niliishi bila kumsalimia mtu mwenye akili hivi, kwa sababu ya kijiti.

7 Desemba, Jumapili

Vinu kumi na vinne. Katekista Bonaventure alitaka kuhubiri juu ya subira ya wake, lakini alipoangalia benchi za wanaume akaona wamekonda macho. Mbalamwezi imewaweka wote nyumbani, hakuna kuvua, hakuna bugali, hakuna sombe la majani ya muhogo, ni ndagala za kuchoma tu asubuhi na jioni. Akakunja karatasi yake. Akatoka madhabahuni hadi mlangoni, akavitazama vinu upande wa pili wa barabara, na kimojawapo kilikuwa cha mke wake.

"Bandugu," akasema, "leo mahubiri itakuwa fupi. Yule mama hana kosa. Tuombe."

Ni mahubiri mazuri kuliko yote aliyowahi kutoa.

8 Desemba

Lazima niandike hili kabla sijasahau neno hata moja, ingawa bado nacheka.

Uledi alizidiwa. Ni mtu mwema, lakini siku tatu bila bugali zilimpeleka pabaya. Saa saba mchana, wanawake tumekwenda kisimani, akanyata hadi barabarani akachukua kinu cha mke wake, akakibeba kifuani mbio mbio hadi ndani ya ua wake, akakiweka jikoni vizuri, akakifuta hata vumbi. Alifikiri Zubeda akikikuta ndani atapika tu kwa mazoea.

Kumbe vinu vyote vikiwa vimegeuzwa mdomo chini, kwa mwanaume vinafanana. Alikibeba changu.

Tuliporudi, wazee wawili waliokuwa wakishona nyavu walikuwa wameona kila kitu. Wakasimama, wakavua kofia. Mmoja akatangaza kwamba Uledi amebeba kinu cha Mwalimu mchana kweupe, akavuka nacho ua, na kwa sheria yetu mwanaume aliyevusha kinu cha mwanamke ameoa.

Zubeda akaweka ndoo chini. Akaingia jikoni, akatazama, akatoka. Akanishika mikono yote miwili.

"Karibu, mwenzangu! Mi nalalaka upande ya ukuta. Weye utachukua upande ya mulango, na yeye anakoroma!"

"Mwalimu," Uledi akasema, ametoka jasho mpaka kwenye vidole, "nisamehe. Mi nilikuwa natafuta bugali tu."

Nikamwambia nitafikiria, lakini kwanza aje na wajomba wake. Faida alikuwa ameketi kwenye kizingiti, Nadège mapajani. Alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka akajilaza chini, machozi yakimtoka, akipiga ardhi kwa kiganja. Watu wakatoka nyumba ya tatu, ya nne, kuja kuona ni nani anayecheka hivyo. Walimkuta yeye, yule waliyekuwa wakimnong'ona, amelala barabarani akicheka, nao wakaanza kucheka pia. Uledi akakirudisha kinu changu mbele ya watu wote, na katekista akashuhudia talaka.

Kwenye mlango wa ua wangu, Eugène alikuwa amesimama. Amesikia kile kicheko. Aliinua mguu mmoja kama anayetaka kuja, kisha akaurudisha.

9 Desemba

Vinu ishirini na vitatu. Mvua imepiga juu ya makalio yao mchana wote, kila kimoja na sauti yake.

10 Desemba

Eugène amekuja kwa Zubeda, amenyoa ndevu. Ameketi kwenye kigoda mbele yangu kama mwanafunzi.

"Mama, juu ya nini unanitia haya mbele ya bantu?"

Nikamwambia yote. Kijiti kirefu, kiburi changu, "nenda uwahi", kuzidisha kwa saba, na jinsi nilivyoufokea ukuta wa vitenge. Sikupunguza. "Kama unatafuta mutu mwenye kosa ndani ya hii nyumba," nikamwambia, "kinu yake iko ya pili kutoka kushoto. Lakini Zubeda alinikatalia hata hiyo. Kosa iko ya benye balifanya. Weye uko naongeza yako juu."

Akainamisha kichwa. Akaanza kulia, mwanaume wa miaka thelathini. Alisema alikuwa Ubwari akihesabu nyota wakati mke wake akipitia hayo. Alisema kila akimwangalia aliona kwamba yeye hakuwepo, na hilo ndilo alilotaka kulitoa nje ya ua, si Faida.

Faida alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Sasa mi njo nilibeba haya ya yako," akamwambia. "Na ya bale. Iko nzito, Eugène. Mi sitaki ubebe kinu juu uko na njaa. Na sitaki juu mama yako amekuaibisha. Utasimama mbele ya bale banaume bote, useme na kinywa yako sina kosa. Na siku muko hapa, mwezi ikijaa, mutapanda nasi ku shamba, weye na Roger na wote. Kama haiko hivyo, kinu yangu inavuka ziwa inarudi Ubwari, na Nadège juu yake."

Hakupaza sauti hata kidogo. Nilimtazama mkwe wangu, niliyemwona siku zote kama mtoto anayepigia karanga makofi. Kama angesema naondoka leo, ningebeba mzigo wake hadi mtumbwini.

Eugène akasema: "Kesho asubuhi."

11 Desemba

Nimechoka, miguu imevimba, nina unga hadi masikioni.

Saa mbili kijiji chote kilikuwa barabarani. Zubeda akampa Eugène megafoni. Mwanangu ni mtu wa maneno machache, huwa anaongea na samaki tu. Akabonyeza, akasema "Bandugu," na betri zikafa.

Watu wakangoja. Akakitazama kile chombo, akakirudisha. Ikabidi apige kelele, yeye Eugène, ambaye sijamsikia akipaza sauti tangu alipozaliwa.

"Bibi yangu hana kosa! Benye balimufanyia njo biko na kosa! Na mi nilikosa, nilitoa kinu yake! Mutu atamucheka Faida, amenicheka miye!"

Akarudia kwa sababu walio nyuma walisema hawakusikia. Nadhani walisikia. Roger, ambaye siku hizi ameacha kuota kitambi, akasimama kando yake akiwa ameshika kofia, akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye mdomo wake ulimtangulia. Chérie akamwambia: "Kwa nguvu, bale ba nyuma habakusikia." Akarudia na yeye.

Kisha Eugène akaenda kwenye mstari wa vinu ishirini na vitatu vilivyofanana. Nilishika moyo. Akikosea sasa! Uledi alifumba macho kabisa. Lakini mwanangu hakusita. Akapita cha Zubeda, akapita changu, akainama kwenye kile cha mti mwekundu, akakigeuza, akakibeba begani. Faida akatangulia, naye akamfuata hadi ndani.

Vigelegele vilivyopigwa, nasikia vilifika Baraka. Tulicheza mpaka jioni, harusi ya pili na nzuri kuliko ya kwanza, maana ya kwanza mimi nilikuwa nimenuna. Bonaventure aliomba kujaribu mchi. Alitwanga mara sita akajipiga goti. Wanaume wengine wakapanga foleni kubeba vinu vya wake zao, kila mmoja akiuliza mara tatu, "Hii njo ya yako? Kweli kweli?"

Mimi sina wa kunibebea. Nilikuwa nakiviringisha changu taratibu Faida alipotoka, akakishika upande mmoja.

"Babibi babili bakibeba kinu moja," akasema, "hapa nani ameoa nani?"

25 Desemba

Noeli. Bugali, sombe, samaki mkubwa. Uledi amekula sahani tatu.

10 Januari 2004

Likilimba imevuna karanga zetu. Nimevuta kijiti upya, na tena nimepata kirefu! Sikusema neno, nikang'ata ulimi. Zubeda aliniangalia, akasubiri, akasubiri, akachukua megafoni: "Bamama! Mwalimu amenyamaza! Andikeni tarehe!"

Tulikuwa wanawake ishirini na tisa na wanaume wanane wa mwezi mpevu. Hao wanaume wanalima polepole na kuongea sana. Kwenye kile kijito, Faida alisimama. Sote tukasimama naye. Akatia miguu majini, akaiosha, akavuka. Tukaosha zetu, tukavuka.

20 Februari

Baraka. Georgette alivua miwani kabla ya kusoma karatasi, nikadhani ni vibaya. Kumbe alitaka kutukumbatia. Damu ni safi. Faida alimbeba muuguzi yule mfupi akamzungusha, mbele ya foleni nzima.

8 Machi

Siku ya wanawake. Tumeandamana Baraka na kitenge kimoja sote, cha buluu. Mbele yetu wanaume wa Lweba walibeba vinu begani. Watu wa mjini waliuliza maana yake, na kila aliyeuliza alisimuliwa mpaka mwisho, hasa sehemu ya Uledi. Uledi mwenyewe alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye kinu cha Zubeda.

Faida aliomba megafoni. Sikujua. Alisema jina lake na la kijiji chake. Alisema: "Mutu akikufanyia mubaya, usibaki na hiyo peke. Usingoje. Enda kwa dawa mbele ya siku tatu. Na kosa usiibebe, haiko ya yako." Kisha msichana mmoja nisiyemjua akatoka pembeni ya barabara, akaja, akamshika Faida mkono, akasimama naye. Halafu mwingine. Nilipoacha kuhesabu walikuwa sita, na Georgette alikuwa akiwaelekeza kituoni taratibu.

9 Machi

Ukurasa wa mwisho. Mvua ya alfajiri imekatika.

Nimeamka kwa kinu chake. Tu-tu. Nikangoja. Tu. Bado hana mdundo, na sasa najua hataupata. Nimetoka na mchi wangu, nimesimama upande wa pili wa kinu chake, nimejaribu kuingia. Mara tatu michi yetu imegongana, naye amenicheka hadi Nadège ameamka. Ya nne nikaipata.

Tunatwanga kwa mdundo wake.